Chupa Moja ya Dawa ya Povu

Dahabo alizaliwa Eldoret, akalelewa Eldoret, akaolewa hapo hapo, na hadi anaitwa nyanya hakuwa amewahi kuiona bahari. Aliyeijua ni mumewe, Ali Warsame. Ali alikuwa dereva wa lori. Alipakia mzigo bandarini Mombasa na kuupandisha hadi Malaba, na kila aliporudi nyumbani alikuwa na habari za maji: yamejaa, yametoka, leo yalikuwa na rangi gani. Dahabo alimsikiliza huku akipika anjera, ile mikate myembamba ya Kisomali. Kwake bahari ilikuwa kama shemeji anayeishi mbali. Unasikia sifa zake, unamtakia heri, lakini ukipishana naye njiani huwezi kumjua.

Yeye alikuwa mtu wa soko. Aliuza leso, mashuka na ubani kwenye kibanda chake, na wateja walimpenda kwa sababu alikuwa mkweli hata pale ukweli ulipomharibia biashara. "Hiyo itachuja rangi, mama, chukua ile," angesema. Mtoto wao mmoja tu, Safia, alikuwa ameolewa Isiolo. Nyumba ya mtaa wa Huruma ilibaki na watu wawili, na kwa kuwa mmoja alikuwa safarini kila mara, ilikuwa nyumba ya kimya.

Kisha ugonjwa wa sukari ukamshika Ali. Kwanza alikonda, halafu miguu ikafa ganzi. Safari moja kiatu kilimchubua kidole asijue, maana hakusikia uchungu wowote. Alipokivua Malaba, soksi ilikuwa imeshikana na nyama. Hospitali walimkata vidole viwili, na chini ya unyayo kikabaki kidonda kilichokataa kufunga. Lori likapewa mtu mwingine. Mtu aliyezoea kuamka Voi na kulala Naivasha akawa anaamka kitandani na kulala papo hapo, akiangalia kupitia dirishani ukuta wa ploti ya jirani.

Dahabo alimwona akipungua. Si mwili tu. Maneno yake yalipungua, hata ugomvi wake ulipungua, na hilo ndilo lililomtisha.

Aliyeleta mabadiliko alikuwa Omar, rafiki wa Ali tangu ujana wao, naye pia dereva. Ulikuwa mwaka ule wa ukame, mwaka wa mahindi ya manjano. Malori yalikuwa yakipandisha mahindi ya msaada kutoka bandarini usiku na mchana, na Omar alipita Eldoret mara kwa mara. Siku moja alisimamisha lori nje ya ploti, akafungua nyuma, na yeye na wapakiaji wake wakateremsha kitu kikubwa kilichofungwa kwa godoro.

"Omar, hilo ni kabati la nini?" Dahabo akamuuliza.

"Si kabati, Mama Safia. Ni bahari. Nimemletea Mzee bahari yake."

Lilikuwa tangi la vioo lililotoka katika hoteli moja ya Mombasa iliyokuwa ikibadilisha vitu vyake. Pamoja nalo Omar alileta mitungi ya maji ya chumvi, mchanga, mawe yenye matundu kama mkate, pampu ya hewa, na kifaa cha kupasha maji joto. Ndani ya mtungi wa mwisho, uliofunikwa kwa kitambaa, kulikuwa na samaki wawili wadogo wa rangi ya chungwa wenye mikanda myeupe, na kamba mmoja mwekundu mwenye masharubu marefu.

Wakaliweka dirishani, mahali ambapo Ali angeliona akiwa kitandani. Maji yalipotulia na samaki wakaanza kuzunguka mawe, Ali aliinuka akakaa. Alikaa hivyo mpaka adhana ya magharibi.

Tangu siku hiyo alikuwa na kazi. Alijua ni yupi kati ya samaki wale aliye mkorofi, na kamba analala jiwe gani. Baridi ya Eldoret haina adabu, kwa hiyo kile kifaa cha joto hakikuzimwa, na majirani wa ploti, waliochangia mita moja ya umeme, wakalalamika. Jemutai, msusi aliyekuwa na saluni mlango wa tatu, alikuja kuona kwa macho yake.

"Mama Safia, kwani hawa ndio wanakula umeme yote ya ploti?" akauliza, lakini alikaa akiwatazama mpaka mteja wake akaja kumwita.

Taabu ilianza baada ya majuma machache. Kwenye mawe yakaota mambo ya kijani, mafupi kama ndevu za kijana, kisha yakarefuka yakawa nywele. Omar alisema ule ni mwani, na kwamba hata pwani unajulikana kwa usumbufu. Jua la dirishani liliulisha. Maji ya bomba waliyoongeza kila maji ya tangi yalipopungua yaliulisha. Ali mwenyewe aliulisha zaidi, kwa maana alikuwa akiwatupia samaki chakula kila alipojisikia mpweke. Aliusugua kwa mswaki, ukaisha. Juma lililofuata ukarudi ukiwa mnene kuliko kwanza. Ulipanda vioo. Samaki wakaonekana kama watu waliojificha nyuma ya pazia.

"Unawanyonga," Ali akasema, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayezungumzia jambo lingine.

Kila asubuhi na kila jioni Dahabo alimwosha kidonda. Alitumia dawa aliyouziwa na Phineas, mwenye duka la dawa karibu na stendi. Ilikuwa na jina refu ambalo Ali hakuliweza, wakaiita dawa ya povu. Ukiimimina juu ya kidonda inachemka bila moto, inatoa povu jeupe, na uchafu unapanda nalo. Siku moja Ali alikuwa ametoa jiwe ndani ya tangi ili alisugue, ameliweka kwenye beseni karibu na mguu wake. Dahabo akamimina dawa, na matone yakarukia jiwe. Ule mwani ukachemka vile vile kama nyama yake.

Wote wawili wakatazamana.

"Rudia," akasema Ali.

Akadondosha tone lingine. Povu likapanda. Wakalirudisha jiwe majini, na baada ya siku chache pale palipoguswa na dawa mwani ulipauka, ukawa mweupe kama mvi, ukang'oka wenyewe. Dahabo alikwenda kwa Phineas kumuuliza kama wamefanya ujinga.

Phineas alicheka, kisha akafikiri. "Dawa yenyewe ni maji yaliyoongezwa hewa tu, mama. Ikigusa uchafu inaachia ile hewa, ndiyo povu unaona. Ikishaisha inabaki maji. Sijui mambo ya samaki, lakini kwa mtu kidogo inasafisha, nyingi inachoma. Nafikiri na kwa samaki ni hivyo hivyo."

Hawakumsikiliza vizuri. Kwa furaha yao waliimimina moja kwa moja ndani ya tangi, kikombe kizima, wakitaka mwani wote uondoke siku moja. Samaki walipandisha vichwa juu wakitweta. Kamba akaanza kuruka ovyo ovyo, akagonga kioo, akalala chali, masharubu yake yakicheza kidogo kidogo mpaka yakaacha. Ali alimtoa kwa kijiko, akamfunga ndani ya karatasi, akamwomba Dahabo akamzike nje badala ya kumtupa. Dahabo alimzika kando ya bomba, akiona haya, akiomba majirani wasimwone.

Baada ya hapo wakawa na adabu. Ali alizima pampu ili maji yatulie. Kwa bomba la sindano lisilo na ncha akavuta dawa kiasi kidogo, akazamisha mkono, akaidondosha taratibu juu ya kishungi kimoja cha mwani. Vipovu vikapanda kama shanga. Alingoja kidogo, akawasha pampu, na kwa siku hiyo akaishia hapo. Kesho yake kishungi kingine. Dahabo akihamia upande wa pili wa kioo alimwonyesha: "Pale, kushoto, nyuma ya jiwe kubwa." Hivyo ndivyo walivyolisafisha tangi lote. Baadaye maishani, Dahabo alipokumbuka ndoa yake, hakukumbuka harusi wala kuzaliwa kwa Safia kama alivyokumbuka majuma yale, mume upande huu na mke upande ule, kati yao maji.

Halafu dawa ikakosekana. Phineas alisema shehena yake haijafika kutoka Nairobi, na hajui itafika lini; mwaka ule vitu vingi havikufika. Akampa Dahabo chupa moja aliyokuwa ameibakiza. "Itumie polepole," akasema. Na Omar naye alikuwa ameelekezwa kaskazini, kupeleka mahindi Isiolo na Garissa, kwa hiyo maji mapya ya bahari hayakuja. Maji ya tangi yakazeeka. Mwani ukaanza kurudi.

Siku hizo ndipo Ali aliposema kidonda kimepata nafuu.

"Nitakiosha mwenyewe," akamwambia. "Wewe una soko. Mimi si mtoto."

"Nionyeshe kwanza."

"Kimekauka, Mama Safia. Kimekauka, nakuambia."

Dahabo angeweza kushikilia. Alijua hivyo hata wakati ule. Lakini alikuwa amechoka. Alikuwa amechoka kuinama asubuhi na jioni, amechoka na harufu iliyomfuata hadi kibandani ikakaa kwenye leso mpya. Na Ali alilisema jambo hilo kwa heshima, kama mtu anayeomba arudishiwe kitu chake. Akamwachia. Kila jioni alimkuta amefunga mguu kwa kitambaa safi, amechoma ubani, na tangi likiwa linang'aa. Alimshukuru Mungu.

Siku moja wachuuzi wakaamriwa wafunge vibanda waende uwanjani, kwani mkubwa mmoja wa chama tawala alikuwa anakuja kuhutubia, na kila mtu awe na kadi yake ya chama. Dahabo alikuwa ameiacha kadi nyumbani. Akarudi mbio kuichukua.

Ali hakumsikia akiingia. Alikuwa ameegemea tangi, mkono umezama hadi kwenye kiwiko, akidondosha dawa juu ya mwani. Chupa ilikuwa dirishani, karibu tupu. Mguu wake ulikuwa wazi juu ya kigoda, haujafungwa. Ulikuwa mweusi hadi kwenye kifundo, na weusi ule ulikuwa umetuma mstari mwekundu kuelekea gotini.

Dahabo hakupiga kelele. Akakaa sakafuni papo hapo.

"Ali," akasema. Hakuwa amemwita kwa jina lake tangu Safia azaliwe. "Umeosha mguu na nini?"

Ali akautoa mkono majini, akaupangusa kwa shuka. "Maji ya chumvi."

"Na dawa?"

"Dawa ni chupa moja, Dahabo. Mguu huu ulikufa zamani. Hospitali waliniambia, ile siku ulitoka kununua chai. Walisema utakatwa juu ya goti, na hata hivyo hawajui. Mimi nimwage dawa juu ya maiti, na wale wawili wako hai?"

"Wale ni samaki!"

"Najua ni samaki."

"Mimi je?" akauliza. "Mimi umenihesabu wapi?"

Ali alimtazama kwa macho ya mtu aliyekuwa amefikiria kila kitu isipokuwa hilo. Baadaye akasema, polepole, "Nilitaka ukirudi jioni ukute kitu kizuri humu ndani. Mimi nanuka."

Dahabo alimkasirikia kwa hasira ambayo hakujua anayo. Alimwambia maneno ambayo hatuyarudii hapa. Kisha akaenda kwa Jemutai, na Jemutai akamwacha mteja na nywele nusu, akakimbia kumtafuta Kipkemboi mwenye pikapu ya maziwa. Wakamlaza Ali nyuma, kati ya mikebe mitupu. Njia nzima hadi hospitali Dahabo aliushika mguu ule mapajani mwake, na Ali aliutazama kama mzigo wa mtu mwingine.

Walimkata siku ile ile. Alizinduka, akaomba maji, akauliza kama pampu inafanya kazi. Siku ya pili homa ikampanda. Hakuiona ya tatu.

Daktari, mwanamume mpole aliyekuwa na usingizi machoni, alimwita Dahabo pembeni. Dahabo alimsimulia yote kuhusu ile chupa, kwa sababu hakuweza kukaa nayo kifuani peke yake. Daktari akatikisa kichwa.

"Mama, ile povu inasafisha juu tu. Uozo ulikuwa ndani, kwa mfupa. Hata ungemwagia mtungi mzima."

Dahabo alimshukuru. Lakini hakujua, na hakujua kamwe, kama yale yalikuwa maneno ya daktari au maneno ya mtu mwema anayeongea na mjane.

Wakamzika alasiri ya siku hiyo hiyo. Katika siku za matanga nyumba ilijaa wanawake, na mzee mmoja wa msikitini, aliyesikia habari za ule mguu, alisema akiwa mlangoni kwa sauti ya kusikika: "Mficha maradhi, kifo humuumbua." Hakuwa na nia mbaya. Lakini Dahabo aliondoka mkekani, akaingia jikoni, akafunga mlango, na hakutoka mpaka mzee yule alipokwenda zake.

Ikaja eda. Dahabo akakaa ndani kama desturi inavyotaka, amevaa nguo zisizo na urembo. Kibanda kiliangaliwa na Safia, aliyekuja kutoka Isiolo na mtoto wake mgongoni. Asubuhi Safia akienda sokoni, mjane alibaki na tangi.

Hakutaka kuliona. Alilitupia shuka. Nyuma ya shuka pampu ikaendelea kunguruma, mchana kutwa, na hakuwa na moyo wa kuizima wala wa kuitazama. Safia alisema, "Mama, nitoe hii kitu? Nimwage?" Dahabo akamjibu, "Wacha."

Alipolitoa shuka hatimaye, ilikuwa kwa ajili ya harufu. Hakuona samaki, aliona ukuta wa kijani. Alikwangua kioo kwa ukucha, akafungua kidirisha cha ukubwa wa sarafu, akachungulia. Samaki mmoja alikuwa amekufa. Kilichobaki ni mifupa iliyonaswa katika zile nywele. Yule mwingine alikuja mwenyewe hadi kwenye kile kidirisha, akasimama hapo, akifungua na kufunga mdomo.

"Wewe," Dahabo akamwambia. "Wewe ndiye uliyekunywa dawa ya mume wangu."

Samaki akaendelea kusimama.

Jioni alimwomba Jemutai apitie kwa Phineas. Shehena ilikuwa imefika siku nyingi. Jemutai akarudi na chupa mbili, akaona zinakwenda dirishani.

Dahabo alizima pampu. Akapandisha mkono wa dera lake jeusi, akazamisha mkono. Hakuwa amewahi kuutia ndani, ilikuwa kazi ya Ali. Maji yalikuwa na uvuguvugu kama ya mtu anayeoga. Alidondosha dawa juu ya kishungi kimoja, akavitazama vipovu vikipanda, akangoja, akawasha pampu. Kesho yake kishungi kingine. Siku nyingine aliifanya kazi hiyo kwa chuki, akiminya sindano kama anayemchoma mtu. Siku nyingine aliifanya akizungumza na Ali, akimuuliza maswali ya kawaida: hili jiwe uliligeuza hivi kwa nini, kwa nini hukuniambia ile siku ya chai. Mwani ulipauka, ukang'oka. Eda ilipokaribia kwisha, ukuta wa jirani ulionekana tena kupitia majini.

Omar alifika siku chache baada ya Dahabo kutoka eda. Habari za msiba zilikuwa zimempata Garissa, lakini hakuruhusiwa kuacha lori. Alikaa kwenye kigoda akalia bila kujifunika uso, akisema ni yeye, ni yeye aliyeleta kile kitu. Dahabo alimwacha alie mpaka akamaliza.

"Hukuleta ubaya," akamwambia. "Mzee aliinuka kitandani kwa sababu yako. Kunywa chai."

Omar alimtazama samaki aliyebaki. "Peke yake atakufa, Mama Safia. Nashuka Mombasa kesho. Nikupe nafasi mbele, tumpeleke pamoja. Uione bahari mara moja katika maisha yako."

Dahabo alifikiri. Safia, akiwa mlangoni, alimfanyia ishara akubali.

"Mpeleke wewe," akasema mwishowe. "Mimi bahari nimeiosha, inatosha."

Wakamtia ndani ya mtungi pamoja na maji yake, wakaufunika kwa kitambaa. Dahabo alimpa Omar anjera za safari, na maagizo mengi mno kwa samaki mmoja: asiuweke mtungi karibu na injini, ausimamishe wima, afungue kitambaa kila kituo. Lori likaondoka. Safia na Jemutai wakasaidiana kumimina yale maji mferejini na kulibeba tangi hadi nyuma ya nyumba.

Juma la tatu lori la Omar lilisimama tena karibu na soko. Dahabo alimwona akija kati ya vibanda, akitembea pole, akisalimia watu ambao kwa kawaida hakuwasalimia.

"Alifika?" Dahabo akamuuliza.

Omar aliinama, akaokota leso iliyoanguka, akaikunja upya ingawa ilikuwa imekunjwa vizuri.

"Alifika, Mama Safia. Alifika salama kabisa. Akaenda zake."

Dahabo, ambaye maisha yake yote hakuwa ameweza kumdanganya hata mnunuzi wa shuka, alimtazama rafiki wa mumewe kwa muda. Alitamani kumwambia, nionyeshe.

"Alhamdulilahi," akasema, akaipokea leso, akamgeukia mteja.